Kariakoo Inapofungwa, Jikoni Kuna Nini?

Mama mwenzetu, wengi wetu hununua cha leo kwa ajili ya leo: kilo ya unga, mafuta ya kupima, fungu la nyanya. Duka la mtaani nalo hutegemea wauzaji wa jumla, na wengi wao wako Kariakoo.

Jumatatu, tarehe 15 Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi na agizo la kusajili stoo. Siku ya tatu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja. Tarehe 24 Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hiyo mgomo ukafika hata Mwanza na Mbeya.

Migomo si mipya mjini hapa. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari waligoma kwa kuwa maisha yalikuwa ghali baada ya vita na mshahara hautoshi. Wenzao wa reli wakafuata.

Hatumhukumu mtu. Tunamfikiria mama lishe wa Kariakoo. Wateja wake ni wachukuzi, vijana wa dukani na wageni wa mikoani waliofuata mzigo. Duka likifungwa, mchukuzi hana kazi, wala hana fedha ya wali na maharage. Chakula kilichopikwa alfajiri kinarudi nyumbani, na deni la mchele linabaki palepale.

Tufanye nini basi?

Kwanza, kila unaponunua unga au mchele, toa kikombe kimoja ukiweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Fanya hivyo kwa maharage na dagaa. Tumia cha zamani kwanza, kisiingie wadudu.

Pili, fahamu masoko mengine: nafaka Tandale, ndizi Mabibo, nyanya Ilala, samaki Feri.

Tatu, ukisikia fununu ya mgomo usikimbilie kununua magunia. Bei itapanda, na atakayeumia ni jirani asiye na kitu.

Nne, mama lishe, usile mtaji wote. Tenga kidogo kila jioni, hata kama ni sarafu, ili siku mbili bila wateja zisikufungie biashara.

Akiba haiozi. Na kikombe cha unga ulichotunza huenda kikawa uji wa watoto wa jirani yako, ambaye sufuria yake imerudi kutoka Kariakoo bila kuuzwa.