Maonyesho ya Reli Yavuke Ghuba

Majuzi niliandamana na wanafunzi wangu wa isimu kutazama maonyesho ya urithi wa reli. Tulikuta picha za wahandisi, kengele za stesheni, taa za mafuta na ramani kubwa iliyoonyesha njia ya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Migori, aliikodolea macho ramani ile kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwalimu, sisi wa ng'ambo ya ghuba hatumo?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Kwa mtazamo wa juujuu, hawamo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901. Hakuna taruma hata moja lililolazwa kuelekea Homa Bay au Migori. Lakini je, reli ilikoma pale chuma kilipokoma? La hasha! Reli iliendelea majini. Meli za Ziwa Viktoria zilikuwa mali ya reli hiyo hiyo. William Mackinnon iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla ya garimoshi lenyewe kuwasili. Mwaka 1914 ikaja Rusinga, iliyotengenezwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa tena Kisumu. Kwa watu wa Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, gati ndilo lililokuwa stesheni.

Kwa njia hiyo kulipita watu, mizigo na hata maandishi. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mmisionari, na Peter Nyambo, mzaliwa wa Malawi ya leo, walipitia Kisumu, wakavuka Ghuba ya Winam na kuanzisha misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka 1910 Carscallen akachapisha mojawapo ya sarufi za kwanza za Dholuo. Sisi wanaisimu tunaodai kuisoma lugha hiyo tuna deni kwa safari ile, ingawa sijaona maonyesho ya reli yanayoitaja.

Hali kadhalika, tuyatazame maneno. Gari tumelipata kutoka Kihindi, reli kutoka Kiingereza, na bandari kutoka Kiajemi. Meli nayo inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua na vifurushi vya posta, kwa kuwa vyombo vya posta ndivyo vilivyoitwa hivyo mwanzoni. Wakikuyu waliliita garimoshi mugithi, na leo neno hilo ni jina la mtindo wa muziki. Je, bibi wa Karungu alikiitaje chombo kile kilichotoa moshi kikakaribia ufuo wake? Mkuria aliyetoka Migori kwa miguu kwenda kutafuta kazi mjini aliielezaje reli aliporudi nyumbani? Majibu ya maswali haya hayawekwi katika kabati la kioo. Yamo vinywani mwa wazee, na kila mzee anayezikwa huondoka nayo.

Hapa ndipo penye uchungu. Meli ile ilipewa jina la kisiwa cha Rusinga, kisiwa cha Abasuba. Lakini Kisuba kimepisha Dholuo kisiwani humo, na wasemaji wake waliosalia wako zaidi Mfangano. Jina la kisiwa limehifadhiwa katika chuma ilhali lugha ya kisiwa inafifia. Urithi gani huo unaopaka rangi meli na kuacha maneno yaoze?

Wapo watakaosema kwamba reli ilikuwa chombo cha ukoloni, hivyo haistahili sherehe. Hoja yao ina uzito. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Lakini maonyesho si lazima yawe ngoma ya kusifu. Yanaweza kuwa daftari la hesabu, lenye faida na hasara pamoja. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, na Kisumu iliadhimisha miaka 100 mwaka 2001. Miaka 125 ya kufika kwa reli ziwani inatimia Desemba 2026. Rai yangu ni kwamba sehemu ya maonyesho ya aina hii ipelekwe Homa Bay na Migori, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, Dholuo, Kikuria na Kisuba. Walimu wenzangu wasingoje amri kutoka juu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliye na daftari na kalamu anaweza kumwendea nyanya yake na kumuuliza maswali matatu tu: Meli mliiitaje? Nani wa jamaa yetu aliipanda? Alirudi na nini?

Mwanafunzi wangu wa Migori ameanza tayari, kwa babu yake mwenyewe. Siku atakapomaliza, hatahitaji kuniuliza tena kama wamo katika ramani ile.