Kubadilisha vipengele vya orodha katika Lisp

Kubadilisha vipengele vya orodha katika Lisp ni kuweka kitu kimoja mahali pa kingine ndani ya orodha, wakati wa kuandika programu kwa lugha ya Lisp. Lugha hiyo ilianzishwa na John McCarthy katika chuo cha MIT, nchini Marekani, mwaka 1958. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "uchakataji wa orodha", na makala ya McCarthy ya mwaka 1960 tayari ilikuwa na funksheni ya kubadilisha iitwayo subst. Mifano ya hapa chini ni ya Common Lisp, lahaja ya Lisp iliyopata kiwango rasmi cha ANSI mwaka 1994.

Muundo wa orodha

Orodha ya Lisp ni mnyororo wa seli. Kila seli ina sehemu mbili: car, inayoshika kipengele chenyewe, na cdr, inayoelekeza kwenye seli inayofuata. Seli ya mwisho huelekeza kwenye nil, yaani orodha tupu. Majina hayo mawili yametokana na sehemu za rejista za kompyuta ya IBM 704, ambayo Lisp ya kwanza iliandikiwa. Kwa sababu seli huelekezana tu, orodha mbili tofauti zinaweza kutumia mkia mmoja.

Kubadilisha kwa kutengeneza orodha mpya

Njia iliyo salama zaidi ni funksheni ya substitute:

(substitute 'nanasi 'embe '(embe ndizi embe))
→ (NANASI NDIZI NANASI)

Kitu kipya hutajwa kwanza, kisha cha zamani, kama mtu anavyosema "weka nanasi badala ya embe". Wanaoanza kujifunza hugeuza mpangilio huo mara nyingi, na kwa kuwa Lisp haioni kosa lolote, hurudishiwa orodha yao kama ilivyokuwa. Ikihitajika kubadilisha embe la kwanza tu, huongezwa :count 1 mwishoni.

Substitute haiingii ndani ya orodha zilizomo katika orodha nyingine. Kazi hiyo ni ya subst, ambayo huichukulia orodha kama mti na kufuata matawi yake yote:

(subst 'nanasi 'embe '(embe (embe ndizi)))
→ (NANASI (NANASI NDIZI))

Kama ingetumika substitute hapo, embe la ndani lingebaki.

Jambo lingine ni namna ya kulinganisha. Kwa kawaida Lisp hutumia eql, ambayo hufaa kwa alama kama embe na kwa namba. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, kama "embe", ni vitu tofauti katika kumbukumbu hata yakiwa na herufi zilezile, hivyo ni lazima kuandika :test #'equal. Bila hivyo hakuna kitakachobadilika, wala ujumbe wa kosa hautaonekana.

Kubadilisha orodha yenyewe

Wakati mwingine mwandishi wa programu hataki nakala. Anaweza kubadilisha seli iliyopo kwa setf, akihesabu nafasi kuanzia 0. Hapa ndipo mkia wa pamoja unapoleta matatizo:

(defparameter *mkia* (list 'b 'c))
(defparameter *x* (cons 'a *mkia*))
(defparameter *y* (cons 'd *mkia*))
(setf (nth 1 *x*) 'z)

Sasa *x* ni (A Z C). Lakini *y* nayo imekuwa (D Z C), ingawa hakuna mstari ulioigusa. Katika programu ndefu hitilafu ya aina hii ni ngumu kuitafuta, maana huonekana mbali na mahali ilipoanzia.

Pia kuna nsubstitute na nsubst, ambazo zina ruhusa ya kuharibu orodha ziliyopewa ili kuokoa kumbukumbu. Jibu lake lihifadhiwe upya katika kigeu kilekile. Orodha iliyoandikwa moja kwa moja kwa alama ya ', kama '(embe ndizi), haipaswi kubadilishwa kwa njia hizi: kiwango cha lugha hakisemi kitatokea nini. Orodha itakayobadilishwa iundwe kwa list au inakiliwe kwanza kwa copy-list. Kwa orodha zilizo ndani ya nyingine hutumika copy-tree, kwa kuwa copy-list hunakili seli za ngazi ya juu tu.

Lahaja nyingine

Scheme ina set-car! kwa kazi hiyohiyo. Racket, ambayo mwaka 2008 bado iliitwa PLT Scheme, ilifanya seli za kawaida zisibadilike tena baada ya kuundwa, na Clojure ilikuwa na orodha zisizobadilika tangu ilipotolewa mwaka 2007. Katika lahaja hizo mbili, kubadilisha kipengele cha orodha ya kawaida ni kuunda orodha nyingine.