Mkaguzi Mlangoni

Mkaazi wa Mandera aliyepita umri wa makamo hahitaji kuelezwa maana ya kuingiliwa nyumbani pasipo ridhaa yake, kwani tangu tarehe 28 Desemba 1963, ilipotangazwa hali ya hatari huku Kaskazini Mashariki mwa Kenya, hata ilipoondolewa mwaka 1991, askari walikuwa na idhini ya kupekua majumba bila ya hati ya hakimu. Ndiyo sababu Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachomhifadhi kila mtu asipekuliwe nafsi yake, maskani yake wala mali yake, kina uzito wa pekee mpakani hapa.

Haki hiyo haikufuta kazi ya wakaguzi. Sheria ya chakula na dawa yamruhusu afisa aliyeidhinishwa kuingia, kwa saa zinazostahili, mahali anapoamini chakula cha kuuzwa hutayarishwa au huhifadhiwa. Na hapo ndipo penye mashaka, maana mama auzaye maziwa ya ngamia pengine huyaweka katika nyumba ile ile wanamolala wanawe. Kwa rai yangu idhini hiyo ikome penye vyombo vya maziwa, isifike chumbani, kwani Kifungu cha 24 chataka kila mpaka unaowekewa haki utokane na sheria na usizidi haja yake.

Penye dhana ya jinai, kwa kawaida hakimu ndiye atoaye hati ya upekuzi, nayo hutekelezwa baina ya macheo na machweo, ila mahakama ikiamuru vingine. Waislamu wa Mandera, waliofundishwa na Surat an-Nur kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na kurudi wakiambiwa warudi, hawataiona sheria hii kuwa ngeni. Basi mwenye nyumba na amuulize mgeni wake, kwa adabu na bila ya hofu, ametoka idara gani na ameletwa na sheria ipi.