Mgeni wa Masafa Asiachwe Bila Mwangalizi

Masafa ya redio ni kama ardhi: hayaongezeki, ilhali wanaoyahitaji huongezeka kila uchao. Hata hivyo, mengi yaliyotolewa leseni hukaa bure. Huko mashambani idhaa za televisheni ni chache, na nafasi zilizo baina yake hubaki kimya usiku na mchana.

Nafasi hizo ndizo zilizotumiwa karibu na Nanyuki mwaka 2013, katika mradi wa Mawingu, kupeleka intaneti shuleni kwa mitambo ya umeme wa jua. Mtumiaji wa namna hii hana leseni ya masafa hayo, ni mgeni. Mwenyewe akirejea hewani, mgeni sharti aondoke mara moja. Redio iwezayo kuchunguza mazingira yake na kujirekebisha hivyo ndiyo redio tambuzi, aliyoieleza mtaalamu Joseph Mitola mwaka 1999.

Je, ni nani atakayehakikisha kwamba mgeni ameondoka? Wapo wanaodai kuwa yatosha mtambo wenyewe usikilize. Mimi sikubaliani nao. Mtambo ulio nyuma ya kilima huenda usikisikie kituo cha televisheni, ukadhani masafa ni matupu, kisha ukamharibia picha jirani anayekipata vyema. Tena mlaghai aweza kuyaiga mawimbi ya mwenye leseni ili awafukuze wageni wenzake, abaki peke yake.

Ndiyo maana Marekani, mwaka 2010, iliondoa sharti la kusikiliza kwa mitambo inayoongozwa na daftari la masafa, lionyeshalo yaliyo wazi kila mahali. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo imeifuata njia ya daftari, katika masafa ya megahezi 470 hadi 694.

Daftari ni jema, ila halitoshi. Hueleza kilichoruhusiwa, si kinachotendeka. Mtambo uliochezewa waweza kudanganya mahali ulipo, au kutumia nguvu kupita kiasi. Kwa hivyo nashikilia kwamba pawe pia na vituo vya kusikiliza, vilivyotawanywa na vinavyopashana habari. Sikio moja hudanganyika. Masikio mengi yaliyo mbalimbali hutambua wimbi linatoka wapi.

Huenda msomaji akahofia kuwa huo ni upelelezi wa siri za watu. La hasha! Kupima masafa, nguvu na chimbuko la wimbi hakuhitaji kufungua ujumbe wa mtu yeyote, na sheria iseme hivyo waziwazi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akiudhiwa hufunga mlango. Wenye leseni wakichoka kuingiliwa, watadai nafasi hizo zifungwe kwa wote, na atakayeumia kwanza si mlaghai, bali ni mwanafunzi wa mashambani ambaye hana njia nyingine ya kuipata intaneti.