Mhifadhi Hufundishwa Nini?

Chura wa Kihansi hafiki urefu wa sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa vitoto vilivyokamilika, jambo ambalo vyura wachache sana duniani hulifanya. Makazi yake yote ya asili hayakuzidi hekta chache za majani yaliyolowanishwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimtambua mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme juu ya maporomoko hayo ulikuwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na vyura wapatao 500 wakasafirishwa kwenda Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wale wa Marekani walizaliana, na tangu mwaka 2012 uzao wao umekuwa ukirudishwa Kihansi.

Watu wengi walikijua kisa hiki kama habari ya fedha nyingi zilizotumika kwa ajili ya chura. Mimi hukitazama kama habari ya elimu. Kabla ya 1996 korongo lile halikukosa sheria wala bunduki. Lilikosa mtu wa kuingia humo usiku na tochi, akiwa amefundishwa kutofautisha chura na chura, mapema kiasi kwamba alichokiona kingeweza kubadilisha michoro ya wahandisi.

Mafunzo ya uhifadhi katika ukanda wetu yana historia ya kujivunia. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Manifesto ya Arusha. Katika tamko hilo aliahidi kwamba nchi itawatunza wanyamapori wake, na akasema wazi kuwa kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofundishwa na fedha. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilifunguliwa Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na tangu hapo kimefundisha maofisa kutoka nchi nyingi za bara hili. Pasiansi, jijini Mwanza, ilifuata mwaka 1966 kwa ajili ya askari wa wanyamapori. Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji, wale wanaolinda ardhi ya kijiji chao wenyewe. Wenye kupenda misitu wana Olmotonyi, karibu na Arusha, chuo kilichoanza kabla ya vyote hivyo.

Ukimuuliza mtu wa kawaida vijana wanajifunza nini huko, atakuambia kwata, shabaha na doria. Hajakosea. Ujangili ni hatari kwa mnyama na kwa askari pia, na mfumo wa Jeshi Usu ulioingizwa miaka ya karibuni umeongeza uzito wa mafunzo ya kijeshi. Lakini doria inahitaji kuelekezwa mahali. Nani alijua kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014? Waliohesabu. Bila wao, majangili wangemaliza kazi huku sisi tukiendelea kusema tembo wapo.

Kuhesabu wanyama kutoka angani ni kazi ya kujifunza kwa jasho. Ndege ndogo hupita juu ya hifadhi kwa mistari iliyonyooka, mara nyingi kilomita tano kati ya mstari na mstari, kwenye kimo cha mita mia moja hivi. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa fimbo mbili kila upande, na kinachohesabiwa ni kile tu kinachoonekana kati ya fimbo hizo, ukanda wa mita 150 hivi kwa kila upande. Tembo dume mwenye pembe za kushangaza akiwa nje ya fimbo haingii kwenye hesabu, na mwanafunzi mgeni huumia moyo kumwacha. Ukipiga hesabu, ndege imetazama asilimia sita tu ya eneo lote. Sehemu iliyobaki hukadiriwa kwa takwimu, ndiyo maana kila idadi halali ya wanyamapori huambatana na kiwango cha shaka: wanaweza kuwa zaidi kwa kiasi hiki, au pungufu kwa kiasi hiki. Waandishi wa habari hupenda kuandika namba moja na kuuacha ule ukingo wa shaka. Naomba wasiuache. Namba ikishuka kidogo ndani ya ukingo huo, huenda hakuna mnyama hata mmoja aliyepungua.

Faida ya kuhesabu huonekana pale hesabu inaporudiwa kwa miaka mingi. Nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Kilichowaongeza ni chanjo. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ambao nyumbu waliupata kutoka kwa mifugo, na ulipokatika kwa ng'ombe ukakatika kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Kisha nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miti ikapata nafasi ya kukua katika maeneo mengi. Mlolongo huo ndio ninaotamani kila mwanafunzi wa uhifadhi aubebe kichwani, maana unamwonyesha kwamba mganga wa mifugo wa wilaya ni mwenzake wa kazi.

Hata hivyo tembo na nyumbu huonekana kutoka angani. Sehemu kubwa ya bioanuwai haionekani hivyo. Ni mimea, wadudu, kuvu, konokono, samaki wadogo wa vijito. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina mamia ya mimea isiyopatikana kwingine duniani, na bado watafiti hurudi kutoka huko na viumbe ambavyo havijapewa jina la kisayansi. Kwa kazi hii mafunzo huchukua sura nyingine kabisa. Mwanafunzi hukata tawi lenye maua au matunda, hulilaza kati ya karatasi za magazeti, hulibana kwa mbao na kulikausha. Kabla hajasahau huandika mahali, mwinuko, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, na jina ambalo wenyeji hulitumia. Rangi hufifia na majani hukunjamana. Maandishi ndiyo yatakayomsaidia mtaalamu atakayelifungua bunda hilo miaka hamsini baadaye. Sampuli iliyokosa maelezo hayo haina kazi.

Hapa ndipo wazee wa Usambara na Uluguru wanapostahili kuitwa walimu. Mganga wa tiba asili anayetofautisha miti miwili kwa harufu ya gome anafanya jambo ambalo mhitimu wa shahada huenda akahitaji mwaka mzima kulijifunza. Vyuo vyetu huwaita wazee hawa kama waongoza njia, huwalipa posho ya siku, kisha majina yao hayaonekani popote kwenye ripoti. Hilo ni kosa la haki na la kitaalamu kwa pamoja, kwa sababu atakayetaka kuthibitisha sampuli hatajua pa kurudi.

Kwamba mtu wa kawaida anaweza kufundishika, Chumbe inathibitisha. Katika kisiwa hicho kidogo karibu na Unguja, wavuvi wa vijiji jirani waliajiriwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990 wakawa walinzi wa miamba ya matumbawe. Hawabebi silaha. Walijifunza kutambua matumbawe na samaki, kuandika kila siku walichokiona, na kuzungumza na wavuvi wenzao wanaosogea kwenye eneo lililofungwa. Mvuvi humsikiliza mvuvi. Anapoambiwa kwamba samaki wanaozaliana hapa husambaa hadi maji anayovua yeye, msemaji ni mtu anayejua bei ya nyavu na taabu ya kurudi na mtumbwi mtupu. Stadi hiyo ya kuzungumza hupewa saa chache mno katika mitaala mingi, ilhali ofisa anayepelekwa kijiji kilicholiwa mahindi na tembo ataihitaji siku ya kwanza tu, kabla hata hajafungua begi lake.

Wazazi huniuliza kama kozi hizi zina ajira. Nafasi za askari ndizo nyingi zaidi. Za wataalamu wa mimea, wadudu na viumbe wa majini ni chache, na kijana huona hilo mapema akachagua anachokiona kinalipwa. Tatizo hilo liko mikononi mwa waajiri. Halmashauri yenye msitu wa hifadhi, kampuni inayochimba madini, mradi wa barabara au bwawa, wote hawa wanahitaji mtu wa kutambua kilichopo kabla ya katapila kufika, na mara nyingi humkodi kwa wiki mbili za kiangazi. Wiki mbili za kiangazi hazitoshi kumwona chura wa masika.

Kwa kijana anayechagua chuo sasa hivi, majengo na sare visimpotezee muda. Aulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamelala porini wiki ngapi, na kama kuna aliyewahi kuhesabu eneo lilelile kwa misimu miwili. Aulize nani anafundisha takwimu, na kama mwalimu huyo bado huenda uwandani. Aombe kuonyeshwa chumba cha sampuli, afungue droo moja, asome lebo. Zikiwa na tarehe za miaka ya karibuni na mwandiko wa wanafunzi, apeleke maombi yake.