Fahamu: Lishe ya mtoto njiti na ukuaji wake

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya ujauzito kutimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020.

Kwa nini lishe ya mwanzo ni muhimu?

Katika miezi mitatu ya mwisho tumboni, ubongo hukua kwa kasi na mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma na mafuta. Njiti huikosa sehemu ya akiba hiyo. Tafiti zinahusisha lishe duni ya wiki za mwanzo na kuchelewa kwa ukuaji wa akili, ingawa maambukizi nayo huchangia.

Analishwaje?

Wengi wanaozaliwa kabla ya wiki 34 hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Mama hukamua maziwa, muuguzi akayapitisha kwenye mpira mwembamba hadi tumboni, mililita chache kila baada ya saa mbili au tatu. Baadaye hufuata kikombe kidogo, kisha titi. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yasimwagwe kamwe: humkinga mtoto na maradhi.

Mama akikosa maziwa, ya kuchangiwa husaidia. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa mwaka 2019.

Umri unahesabiwaje?

Aliyezaliwa mapema kwa miezi miwili, akifikisha miezi minane ukuaji wake hupimwa kama wa mtoto wa miezi sita, kwa hiyo majirani wakisema amechelewa, maneno yao yasikutie hofu. Kliniki usiache, hasa miaka miwili ya mwanzo.