Alama juu ya Mbao: Kosa la Mashine au la Mti?

Mafundi wa seremala wasio na mashine ya randa huchukua mbao zao kwa mwenye mashine, naye huzipunguza unene kwa malipo. Mara nyingine mbao hurudi zikiwa na alama, na hapo ugomvi huanza: mwenye mbao ataka fidia, mwenye mashine asema mti wenyewe ni mbaya. Ubao waweza kuwaamua, kwa kuwa kila kasoro huacha alama yake.

Kwanza ubao utazamwe penye mwanga utokao kando, kama dirishani. Ukionekana mstari mwembamba ulioinuka, uendao moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho wa ubao, basi visu vina pengo. Msumari mmoja uliosahauliwa watosha kulitia. Mti wa mvule una hatari zaidi, maana ndani yake mara nyingine hujificha mawe magumu ya chokaa. Dawa ya haraka ni kusogeza kisu kimoja kando kidogo ili mapengo yasifuatane; dawa ya kweli ni kuvinoa. Kabla ya kugusa visu, sharti mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Neno hili halina udhuru.

Mawimbi madogo yakatayo ubao kwa mapana yana hesabu yake. Mashine yenye visu 2, izungukayo mara 6,000 kwa dakika, hupiga mapigo 12,000. Ubao ukipita mita 6 kwa dakika, pigo na pigo huachana nusu milimita, na jicho huyaona kwa shida. Lakini kisu kimoja kikichomoza kupita mwenzake, hicho peke yake ndicho kiachacho alama, na mawimbi huachana milimita nzima. Visu vipimwe upya hata vilingane. Kama vyalingana, ubao upitishwe polepole zaidi.

Ncha za ubao zikiliwa kuliko katikati, ubao uliinuka ulipokuwa umebanwa na rola moja tu. Ubao mrefu ushikiliwe, usiachwe kuning'inia. Tena ni vema mbao zifuatane ncha kwa ncha, bila nafasi kati yake. Vishimo vilivyotawanyika ovyo ni maranda yaliyorudi na kugandamizwa na rola, na aghalabu huinuka kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Meno ya rola nayo huacha alama zenye nafasi sawa, ikiwa fundi, kwa woga, amekata kidogo mno.

Mwenye mbao naye ana fungu lake. Ubao ulionyofoka vipande vipande umepitishwa kinyume cha nyuzi zake, na kuugeuza kwaweza kuuponya. Katika mvule hata hivyo ni taabu, kwa sababu nyuzi zake hupishana: ukigeuzwa, mahali hapa hulainika na pale hunyofoka. Hapo hapana njia ila visu vikali na kukata kwembamba, mara nyingi. Ama mbao zitokazo na manyoya kama blanketi, mara nyingi ni mbichi. Mwenyewe azirudishe kivulini, azipange kwa vijiti katikati ili upepo upite, azilete tena zikisha kukauka.